Mkwaruzo wa Tatu

"Kama hii kahawa ndiyo njia yenu ya kumfanya mtu akiri," alisema Ooi Chin Huat, "basi nipeni karatasi nitie sahihi sasa hivi."

Inspekta Zaharah Mokhtar hakucheka. Sajini Gunasegaran, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinamisha kichwa akajifanya anakagua kucha zake.

Ooi alikuwa muuza skrepa wa mtaa wa Jelutong, Penang, mtu mfupi mwenye mabega mapana, fulana yake nyeupe imegeuka rangi ya majivu kwa kulala rumande. Kesho asubuhi hakimu angetaka jibu: ashtakiwe au aachiwe. Wakili wa kampuni alikuwa ameshapiga simu kituoni kuulizia kama hati ya mashtaka iko tayari.

Kampuni yenyewe ilikuwa Halvorne ya Marekani, watengenezaji wa prosesa, kile kipande kidogo ambacho ndicho ubongo wa kompyuta. Kiwanda chao cha Bayan Lepas ndicho kilichozipokea prosesa kutoka ng'ambo, kikazivisha vifuniko, kikazipima na kuzifunga kwenye maboksi. Watu wa Penang walikuwa wakisema, mtoto akipata kazi Halvorne, mama yake anaweza kustaafu. Hiyo ilikuwa zamani kidogo. Sasa prosesa za Halvorne zilikuwa zikifa mikononi mwa wanunuzi. Zilikufa benki, zilikufa maofisini, na katika hospitali moja ya jimbo jirani la Perak mashine ya kupiga picha za kichwa ilizima wakati mwalimu wa shule, Cikgu Hamidah, amelala ndani yake. Wakampakia kwenye gari la wagonjwa kumkimbiza hospitali kubwa ya Ipoh. Alifia njiani.

Halvorne ilijibu upesi. Prosesa hizo si zetu, walisema. Ni mbovu tulizozikataa wenyewe, zikaibwa kwenye taka, zikaandikwa namba upya na kuuzwa kama nzima. Polisi wakaenda kwa mtu anayechukua taka za Halvorne, na nyuma ya rundo la betri kuukuu wakakuta gunia limejaa prosesa ambazo zilipaswa kuwa zimevunjwa.

"Nieleze tena habari za gunia, Mjomba," Zaharah alisema.

"Nimeshaeleza mpaka ulimi umeota sugu. Mashine yao ya kusaga iliharibika. Wakaniambia, Ooi, chukua ukavunje mwenyewe. Haya. Mimi nina nyundo na nina mama mkwe. Mama mkwe ana mkono mzito kuliko wangu, lakini tangu augue magoti kazi imelala. Gunia nikalisahau."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Mwaka Mpya wetu wa Kichina uliopita. Yule bibi alianguka tukiwa tunafagia nyumba kwa ajili ya sikukuu, ndiyo maana nakumbuka."

"Na hukuuza hata moja?"

"Nauza dhahabu yake nikishaichemsha. Nzima nimuuzie nani? Mwanangu mwenyewe ana duka la simu na hanunui kitu kwangu. Anasema vitu vyangu vinanuka panya."

Guna alikohoa. "Afande, hilo duka la mwanawe. Tumelipekua asubuhi hii. Kuna mashine ya leza. Inachonga maandishi kwenye chuma."

Utani wote ulimtoka Ooi usoni kama maji yanavyotoka kwenye beseni lililopinduliwa.

"Ile ni ya makava ya simu," alisema. "Wasichana wanataka majina yao yaandikwe. Mwanangu Boon hajui chochote."

"Baba ana prosesa mbovu, mtoto ana leza," Guna alisema taratibu. "Mjomba, ungekuwa wewe ungefikiri nini?"

Ooi alitazama kikombe chake. Kisha akakisukuma pembeni.

"Andika ni mimi."

"Nini?" Zaharah aliuliza.

"Mimi ndiye niliyeziiba, mimi ndiye niliyeziandika, mimi ndiye niliyeziuza. Boon nilimlaghai usiku akiwa amelala, nikatumia mashine yake. Ana mtoto mchanga. Andika, binti, nitie sahihi, twende nyumbani. Yaani ninyi mwende nyumbani."

Guna alikuwa tayari ameshachukua kalamu. Zaharah alimzuia kwa kiganja.

"Namba ya prosesa inaandikwa upande gani, Mjomba? Juu kwenye kifuniko, au chini penye dhahabu?"

Ooi aliwaza. "Chini."

"Wapi chini?"

"Katikati. Penye dhahabu."

Zaharah aliinuka akavuta kiti chake mahali pake. "Mpeni chakula," alisema. "Na kahawa ya nje, si hii."

Nje ya mlango Guna alimfuata kwa hatua za haraka. "Amekosea upande, sawa. Lakini anaweza kuwa anajifanya mjinga."

"Anaweza. Ndiyo maana hatuandiki kitu bado. Lete gunia. Na lete zile zilizokufa."

*

Dokta Cheah Siew Ling alikuwa mkuu wa maabara ya Halvorne iliyochunguza prosesa zilizorudishwa. Alikuwa mwanamke mwembamba wa umri wa Zaharah, nywele zimekatwa fupi, macho yamezungukwa na weusi wa mtu asiyelala vizuri. Hadubini zake zilikuwa bora kuliko chochote walichokuwa nacho polisi wa jimbo zima.

"Mlalamikaji, mtaalamu na kiwanda, wote nyumba moja," Guna alinong'ona walipokuwa wakivaa makoti meupe. "Amebaki hakimu tu aajiriwe hapa."

Zaharah alimwaga mezani mifuko miwili ya vielelezo. Mmoja ulikuwa na prosesa za gunia la Ooi. Wa pili ulikuwa na zile zilizofia kwa wanunuzi, ikiwemo ya hospitali.

"Kampuni yenu inasema hizi na hizi ni ndugu," alisema. "Nataka kujua kama ni kweli. Tuanze na namba. Hii ya hospitali, namba yake imechongwa upya?"

Cheah aliiweka chini ya hadubini akaitazama kwa muda. "Imechongwa vizuri. Kama yetu."

"Basi ni yenu."

"Siku hizi hata matapeli wana leza nzuri, Inspekta. Siwezi kuapa."

"Gundi ya kifuniko?"

"Kama yetu. Lakini mbovu zilizokataliwa nazo zina gundi yetu. Hilo halikusaidii."

Zaharah alivuta kiti. Aligeuza prosesa moja juu chini. Upande wa chini ulikuwa na nukta za dhahabu zilizojipanga kama punje za mahindi kwenye gunzi.

"Hapa ndipo inapogusana na kompyuta?"

"Ndiyo. Kila inapowekwa kwenye soketi, vijisindano vinabonyeza hizo nukta. Ndiyo njia yake ya kupata umeme na kusema."

"Na sindano ikibonyeza dhahabu, haiachi alama?"

Cheah alisita kidogo, kidogo tu. "Inaacha. Mkwaruzo mdogo. Kwa jicho huuoni."

"Nionyeshe."

Kwenye kioo cha kompyuta nukta moja ya dhahabu ilivimba ikawa kubwa kama sinia. Ilikuwa prosesa ya gunia la Ooi. Juu ya dhahabu ilionekana mikwaruzo miwili, mmoja umelala, mwingine umeinama kidogo.

"Miwili," Zaharah alisema. "Sasa ya hospitali."

Cheah akabadilisha. Nukta nyingine, mikwaruzo miwili.

Guna alishusha pumzi. "Ndugu kweli. Afande, yule mzee atatufia na utani wake mdomoni."

Zaharah alisogea karibu na kioo. Aliomba nyingine ya gunia. Miwili. Nyingine ya benki. Miwili. Akakaa akikunja na kukunjua kidole chake cha shahada.

"Dokta, prosesa ikiingia kiwandani kwenu mpaka kutoka, inawekwa kwenye soketi mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Wapi na wapi?"

"Kwanza kwenye tanuri." Cheah aliongea kama mtu anayekariri somo la zamani. "Prosesa ni kama kifaranga. Kama ana ugonjwa, atakufa siku za mwanzo. Akivuka hizo, ataishi miaka. Kwa hiyo tunaziweka kwenye tanuri lenye joto kali, tunazipa umeme mwingi, zinaishi miezi kadhaa ndani ya muda mfupi. Dhaifu zinafia humo. Baada ya hapo kuna kipimo cha mwisho, kutenga hai na mfu. Hai zinafungwa kwenye maboksi. Mfu zinakwenda kwenye taka."

"Tanuri, mkwaruzo mmoja. Kipimo cha mwisho, mkwaruzo wa pili. Ndiyo hizi za Ooi: zilipita tanuri, zikafa, kipimo kikazikamata, zikatupwa."

"Ndiyo."

"Hazijawahi kuingia kwenye kompyuta ya mtu."

"Hapana."

Zaharah aliinyanyua prosesa ya hospitali kwa kibano, akaishika kwenye mwanga.

"Hii ilikaa kwenye kompyuta ya hospitali. Nimemwona fundi aliyeitoa. Kwa hiyo ina mkwaruzo wa hospitali. Toa huo, unabaki mmoja." Aliiweka chini. "Kama Ooi angeuza mbovu zake, zikafia kwa wanunuzi, zingekuwa na mikwaruzo mitatu. Tanuri, kipimo, mnunuzi. Na kama hizi zingekuwa nzima zilizotoka kwenu kihalali, nazo zingekuwa na mitatu. Wa tatu uko wapi, Dokta?"

Mashine ya hewa ilivuma. Cheah alizima kioo kwa kidole, kisha akakiwasha tena, kana kwamba hakujua mkono wake umefanya nini.

Guna ndiye aliyesema. "Labda ziliibwa kabla hazijapimwa. Kutoka kwenye mstari wa uzalishaji."

"Zingekosa mkwaruzo wa kipimo," Zaharah alisema. "Unaweza kutofautisha kipimo na tanuri, Dokta?"

"Ule ulioinama ni kipimo," Cheah alijibu kwa sauti ndogo. "Wa tanuri umelala."

"Na kwenye prosesa ya hospitali?"

Alitazama. Hakuhitaji kutazama. "Mmoja umeinama. Mwingine ni wa soketi ya mteja, ni mfupi."

"Kwa hiyo kipimo cha mwisho zilipita. Zilipita mlango wenu wa mbele, mkazibariki, mkazifunga kwenye boksi. Lakini tanuri hazikuliona. Inawezekana kitu kikafika kwenye kipimo cha mwisho bila kupita kwenye tanuri?"

"Haikuwa ikiwezekana."

"Haikuwa?"

Cheah alivua miwani. "Wamekuwa wakiniletea maiti, Inspekta, kila wiki maiti, wananiuliza imekufa kwa nini. Naandika: ilizaliwa dhaifu. Wiki inayofuata wananiletea nyingine. Mimi nina macho. Niliona mkwaruzo hauko. Nikasema labda ni aina mpya ya soketi, labda wamebadilisha kitu bila kuniambia." Alifuta miwani kwa ukosi wa koti. "Sikushuka kwenda kuangalia. Ni ngazi chache tu. Sikushuka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ningejua."

*

Ukumbi wa matanuri ulikuwa chini. Aliyewapokea mlangoni alikuwa meneja wa kiwanda mwenyewe, Datuk Rashdan Salleh, mtu mrefu mwenye mvi zilizochanwa vizuri. Cheo cha Datuk alikuwa amepewa na jimbo kwa sababu ya ajira alizoleta, na hata mfagizi alimwita hivyo kwa fahari, kama vile cheo kilikuwa cha wote. Alikuwa amepigiwa simu na mtu.

"Inspekta! Ungeniambia mapema ningekuandalia chakula. Karibu, karibu. Hapa ndipo moyo wa kiwanda."

Ukumbi ulikuwa mrefu. Matanuri yalijipanga kila upande kama makabati ya chuma, taa za kijani zinawaka, feni zinavuma. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa ameketi kwenye meza ndogo katikati, hijabu ya samawati, mikono imekunjwa.

"Yote yanafanya kazi," Datuk alisema. "Mchana na usiku. Hakuna prosesa inayotoka Halvorne bila kupita hapa. Hilo nimewafundisha vijana tangu mimi mwenyewe nikiwa fundi wa hapa hapa."

Zaharah alitembea mpaka kwenye meza.

"Assalamu alaikum, Dada."

"Waalaikumu salaam, Puan," mwanamke alijibu kwa heshima.

"Kazi nzito?"

"Alhamdulillahi."

"Dada, mbona umevaa sweta?"

Mwanamke alimtazama Datuk, kisha akatazama sweta lake, la sufu nzito, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni.

"Baridi, Puan," alisema.

"Humu? Katikati ya matanuri?"

Feni ziliendelea kuvuma. Zaharah alikwenda kwenye tanuri la karibu akaweka kiganja kwenye mlango; ulikuwa baridi. Akaenda la pili. La tatu akalifungua. Ndani mlikuwa na rafu tupu na soketi zake, safi, zinang'aa kwa kukaa bure.

"Haya matatu yako kwenye matengenezo," Datuk alisema.

"Lipi haliko kwenye matengenezo, Datuk? Nichagulie."

Alinyoosha mkono kuelekea mwisho wa ukumbi, mkono ukafika nusu ya safari ukarudi. Yule mwanamke wa sweta alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondokea kwenye meza bila sauti.

"Acha, Kak Som," Datuk alimwambia kwa upole, akimwita dada kwa Kimalei. "Usilie. Nenda kapumzike." Akamgeukia Zaharah. "Twende mgahawani, Inspekta. Si mbele yake."

*

Mgahawa wa wafanyakazi ulikuwa mtupu, zamu moja imeshakula, nyingine haijaingia. Datuk alikwenda mwenyewe dirishani akaleta vikombe vitatu vya chai ya maziwa. Guna alifungua kinasa sauti, akamsomea haki zake. Datuk alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza dua.

"Unajua tulikuwa tunafanya nini zamani?" aliuliza. "Ikipatikana moja mbovu, tunavunja kundi zima. Zima! Mabosi walikuwa Wamarekani wazee, wahandisi. Mmoja alinishika bega mbele ya watu wote kwa sababu nilisimamisha mstari. Mimi, kijana wa Balik Pulau, nimesimamisha mstari wa Amerika, na nimepigiwa makofi."

"Wakaenda wapi?"

"Walistaafu. Wakaja watu wa hesabu. Hawa hawajui prosesa, wanajua bei ya hisa. Wataiwani wakatupita. Kila mwaka tulisema mwaka ujao tutawakamata, na kila mwaka wametupita zaidi. Ili zetu zionekane za kasi kama zao, makao makuu wakaongeza umeme ndani ya prosesa. Prosesa ikipewa umeme kuliko uwezo wake, zile dhaifu zinakufa zaidi. Tanuri likawa linaua nyingi mno. Mimi nikaandika, nikapiga simu: jamani, tatizo liko kwenye mchoro wenu, si kwangu. Unajua walinijibu nini?"

"Nini?"

"Kwamba mavuno ya Penang, yaani idadi ya prosesa nzima tunazotoa, ni mabaya. Kwamba kiwanda cha nchi nyingine kinaweza kufanya kazi hii kwa gharama ndogo. Nipunguze, au wafunge." Alizungusha kikombe bila kunywa. "Tanuri ndilo ghali. Umeme, muda. Na ndilo linaloonyesha mbovu. Nikizima tanuri, gharama inashuka na mavuno yanapanda siku hiyo hiyo. Dawa moja kwa magonjwa mawili."

"Nani alikuambia uzime?"

"Hakuna. Wao ni werevu, hawasemi. Walitaka namba, nikawapa namba. Wakanitumia pongezi." Midomo yake ilicheza kidogo. "Nilisema ni kwa msimu mmoja tu, mpaka mchoro mpya uje. Mchoro mpya ukachelewa. Halafu ukaja, mbaya kuliko wa kwanza."

"Na Ooi?"

Kwa mara ya kwanza Datuk alifumba macho.

"Wakili aliuliza, kuna njia yoyote mbovu zinaweza kutoka nje? Nikasema kuna mzee anachukua taka. Nilijibu swali tu. Ndivyo nilivyojiambia. Chin Huat nimemjua tangu ana baiskeli ya magurudumu matatu. Nilipofiwa na mke wangu, alikuja akakaa nje ya nyumba kwenye jua, kwa sababu hakujua kama Mchina anaruhusiwa kuingia kwenye tahlili yetu."

"Ulimwingiza?"

"Nilimwingiza." Alimtazama Zaharah. "Amesema nini huko kwenu?"

"Amekiri," Zaharah alisema. "Amesema ni yeye. Tumemgusa mwanawe, akasema andika ni mimi."

Guna alitazama dirishani.

"Yule mwalimu wa Perak," Datuk aliuliza. "Alikuwa anafundisha nini?"

"Hesabu. Darasa la kwanza na la pili."

"Ana watoto?"

"Datuk, usiniulize ili uumie. Nimeshawahoji. Wako wawili, na mdogo bado anamwekea mama yake sahani."

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayekubali bei ambayo hakuijadili. "Mama yako alikuwa hapa, siyo? Wewe ni binti wa Mokhtar wa Sungai Ara. Mkewe alikuwa idara ya kufunga."

"Alikuwa hapa."

"Alikuwa na mikono mizuri. Halvorne ndiyo iliyokusomesha."

"Ndiyo," Zaharah alisema. "Najua."

"Ukiliandika hili watafunga. Hawatakuja kutengeneza, Inspekta. Wamekuwa wakitafuta sababu. Watu elfu na zaidi."

"Watafunga," Zaharah alikubali. "Na nisipoliandika, mzee wa Jelutong anakwenda jela, na hizo zilizobaki huko nje zinaendelea kufa moja moja, na hatujui ya nani inaendesha nini. Niambie, ungenishauri nini ungekuwa bado yule fundi wa Balik Pulau?"

Kutoka jikoni kulisikika mtu akisugua sufuria.

"Simamisha mstari," Datuk alisema.

Zaharah aliinuka, akatoa simu, akazungumza akiwa amesimama kando ya dirisha. "Mfungulieni Ooi. Ndiyo, kwa amri yangu. Leza ya mwanawe irudishwe leo. Na mwambieni nitakuja mwenyewe kumwomba radhi, asiondoke kabla hajala."

*

Walipotoka nje jua lilikuwa kali na hewa imejaa unyevu. Ndege ilishuka chini kabisa juu ya mapaa, ikielekea uwanjani. Guna alimfungulia Datuk mlango wa nyuma wa gari, gari la kawaida lisilo na maandishi. Alitoa pingu.

"Naomba kitu kimoja," Datuk alisema. "Zamu ya alasiri inaingia. Wasinione nikifungwa."

Guna alimtazama Zaharah. Zaharah akatikisa kichwa, na pingu zikarudi mfukoni. Wakakaa ndani ya gari, kioo kimefunguliwa nusu kwa ajili ya joto.

Mabasi ya kiwanda yalikuja moja baada ya jingine, yakasimama kando ya lango. Wakashuka wanawake kwa wanaume, Wamalei, Wachina, Watamil, mikoba mabegani, wengine bado wanatafuna. Mmoja alikuwa akimsimulia mwenzake kuhusu shemeji aliyekula harusi nzima akasahau kutoa zawadi, na kundi zima likapasuka kwa kicheko. Walipita karibu na gari. Mwanamke mnene mwenye mwavuli wa njano alichungulia, akasimama.

"Ee! Datuk! Kumbe ni wewe. Gari yako imeharibika?"

"Hapana, Kak Rokiah."

"Leo watoka mapema?"

"Leo natoka mapema."

"Vizuri! Pumzika, Datuk, umekonda. Tunasikia huko Amerika wanakusumbua." Aliinama zaidi, akashusha sauti kama anayetoa siri. "Binti yangu amepita usaili. Anaanza Jumatatu, idara ya kufunga. Nilitaka nikuambie mwenyewe. Mungu akulipe."

Datuk aliweka kiganja kifuani, akainama kidogo, jinsi mtu anavyopokea salamu ya mkubwa wake.

"Haya, nachelewa," Kak Rokiah alisema, akakimbilia lango, mwavuli unayumba.

Walisubiri mpaka wa mwisho akaingia na mlinzi akavuta lango. Kisha Datuk Rashdan akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kabla Guna hajamwomba. Zaharah alipandisha kioo mwenyewe.

"Twende," alisema.